Kwa wazazi wa Kilolo na Mufindi, msimu wa ulanzi ukianza

Wanangu na wadogo zangu, kamwene.

Nawaandikia nikiwa Kilolo. Mvua zimekolea na wagema wameshaanza kuteremka mabondeni na mbeta zao za kukingia ulanzi. Miezi hii naijua. Mwanzi mchanga ukishakatwa ncha hauna likizo: unagemwa asubuhi, unagemwa jioni, na ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi huo, si kitu cha kuweka stoo ungoje bei nzuri. Unanyweka sasa au unaharibika. Kwa hiyo kila nyumba inakuwa nao, kila njia inakuwa na kilabu, na bei inashuka hadi asiye na kitu naye analewa. Ndiyo maana naandika sasa, nisisubiri kiangazi.

Sikuja na habari ya kwamba ulanzi ni dhambi. Hayo yana wahubiri wake, na mimi mwenyewe nimekulia katika nyumba iliyogema. Ninachowaomba ni kitu kimoja. Mtoto wako asigeuke kuwa mtu mzima wa nyumba yako kwa sababu wewe umelewa.

Nimefundisha shule za msingi za huku mpaka nikastaafu. Mwalimu haambiwi ni nyumba gani ina ulevi, anaiona darasani. Mtoto anasinzia saa tatu asubuhi, unadhani ni mvivu, kumbe usiku hakulala. Alikuwa anasikiliza mlango. Mlango ukisukumwa taratibu, atalala. Ukipigwa teke, anawaamsha wadogo zake, anawapitisha jikoni hadi kwa jirani, na anajua jirani yupi anafungua bila kelele. Huyo ni mtoto wa miaka tisa. Asubuhi njiani wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, "Baba yako jana kaja vizuri?" Nimeyasikia hayo maswali mara nyingi mno, na yanaulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa.

Binti mmoja wa darasa la nne nilimkuta saa mbili usiku nje ya kilabu, mdogo wake mgongoni, kandambili za mama yake mkononi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na baridi yetu mnaijua. Nikamuuliza anasubiri nini. Akanijibu, "Namsubiri mama, akianguka nimwinue." Alisema vile vile kama mtu anayesubiri ndoo ijae bombani. Ndani kulikuwa na wanaume wanamwita aingie aote moto, na mmoja alikuwa anamwita "mchumba". Mama yake alikuwepo mle ndani, hatua chache tu, lakini hakuwa katika hali ya kusikia neno lolote.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi mnafikiri hatari ya ulevi wenu ni ngumi. Ngumi ipo, na ni mbaya. Lakini mtoto anaumizwa pia pale ambapo hakuna aliyemgusa, kwa sababu hakuna anayemwangalia. Jiko la mkaa limeachwa chumbani kwa ajili ya joto na dirisha limefungwa, na hewa yake ya sumu inaua bila harufu ya kumwamsha mtu. Mtoto mchanga amelazwa kitanda kimoja na mtu mzima aliyelewa chakari, asiyehisi kwamba amemlalia. Binti ametumwa kilabuni na kidumu usiku. Waliomwita yule binti wangu wa darasa la nne hawakuwa wageni kutoka mbali. Ni watu tunaosalimiana nao gulioni. Mlevi hawezi kumlinda mtoto dhidi ya mlevi mwenzake, na wenye nia mbaya wanalijua hilo kuliko sisi.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuruhusiwa kuingia baa au kuuziwa kileo. Vilabu vyetu vya nyasi na mabati tunaviona kama si baa. Kwa mtoto aliyekaa ndani yake, tofauti iko wapi?

Sasa nije kwenye mtogwa, yaani ulanzi mbichi, maana hapa hata wazazi wasiolewa wanaingia. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu, tunasema huu ni wa watoto, tunawamiminia kwenye kikombe. Lakini ulanzi haukai ulivyo. Unachacha ndani ya kidumu hicho hicho, na uliokuwa mtamu asubuhi unaanza kuwa pombe kabla jua halijazama. Hakuna mama anayepima. Anamimina tu kama alivyomimina asubuhi, mtoto anachangamka, kisha analala fofofo, na mama anashukuru amepata nafasi ya kufanya kazi. Mwanangu, huyo hakulala, amelewa. Mwili wa mtoto ni mdogo, sukari ya damu yake inaweza kushuka ghafla kwa pombe kidogo tu, na anaweza kupata degedege au asiamke. Usimpe. Mpe uji.

Na uji wenyewe ni habari ya kutuumiza. Mkoa wetu wa Iringa unalima mahindi, viazi, maharage, maparachichi, unalisha miji ambayo hatujawahi kufika. Halafu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ukaonyesha kwamba katika watoto wa chini ya miaka mitano Iringa, asilimia 56.9 wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Njombe, majirani zetu, ni asilimia 50.4. Siwezi kusema yote haya ni pombe, nitakuwa nawadanganya. Kuna kazi nyingi za mama, kuna ugali mtupu bila mboga ya maana, kuna maji machafu na magonjwa. Lakini mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku na mtu aliye na akili zake, na mama aliyeshinda kilabuni tangu saa nne hatamlisha. Dada zangu mlio wajawazito, kwenu nasema bila kuzunguka: pombe mnayokunywa inapita hadi kwa mtoto tumboni, inaweza kuharibu ubongo wake, na kilichoharibika humo hakitibiwi baadaye. Hakuna kiasi kidogo kilichothibitishwa kuwa salama. Miezi tisa yote, acheni.

Wazee wenzangu watanijibu kwamba sisi wote tulikulia penye pombe na tumefika hapa. Ni kweli tulikulia. Pombe ilipikwa kwa ajili ya mgowe, watu wakalima shamba la mtu pamoja, jioni wakanywa. Walevi walikuwepo hata siku zile na wake zao walipigwa, tusijipambe. Ila kulikuwa na watu wazima wengi katika boma moja. Baba akilewa, kulikuwa na shangazi, na bibi, na baba mdogo, mtoto alipata pa kushika. UKIMWI ulitunyang'anya watu wazima wengi huku, vijana wamekwenda Makambako na Dar es Salaam, na nyumba nyingi sasa zina mzazi mmoja au bibi mmoja. Mtu huyo mmoja akilewa, nyumba nzima imebaki bila mkubwa. Tena siku hizi kijana hanywi ulanzi peke yake, anauchanganya na pombe kali. Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini vichupa vidogo vipo madukani na vinaingia mfukoni vizuri tu.

Fanyeni hivi. Mkitaka kunywa mume na mke, mkubaliane kabla ya kutoka, leo nani anabaki mzima. Si kwa maneno ya "tutaangalia", mtajane. Kama uko peke yako na watoto, wapeleke kwa bibi yao mchana wakiwa wameshiba, siyo saa nne ya usiku mtoto ajipeleke mwenyewe gizani. Usimtume mtoto kununua pombe wala kumfuata baba yake kilabuni. Kumrudisha mume mlevi ni kazi ya watu wazima, na mama ukiogopa kwenda, jua kwamba mtoto anaogopa zaidi.

Halafu kuna asubuhi inayofuata, ambayo wazazi wengi mnaikimbia. Mnaamka, mnaona aibu, mnanunua maandazi au soda, mnanyamaza kimya. Mtoto anakula andazi na bado hajui kilichotokea. Watoto wengi niliozungumza nao waliamini ulevi wa baba umetokana na wao: kwamba walivunja kikombe, walifeli mtihani, waliomba hela ya daftari siku mbaya. Kaa naye. Mwambie, "Jana nililewa, nikapiga kelele, uliogopa. Si kosa lako." Maneno hayo hayagharimu hata shilingi. Na usimwambie asimsimulie mtu. Mtoto aliyefungwa mdomo juu ya ulevi atafungwa mdomo na mwingine juu ya jambo baya kuliko ulevi.

Wapo ambao wakisoma hapa wanajijua wameshapita hatua ya kukubaliana. Mikono inatetemeka asubuhi mpaka wapate kidogo. Kwenu nasema msiache ghafla peke yenu nyumbani, kwa sababu mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata mara moja anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Nendeni zahanati au kituo cha afya, mseme ukweli mnakunywa kiasi gani, mpewe rufaa ikibidi. Ni ugonjwa na una matibabu. Na jirani anayesikia mtoto akilia kila usiku ukuta wa pili, asiseme ni mambo ya ndani ya watu. Kuna afisa ustawi wa jamii wilayani, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Wafundisheni namba hiyo.

Mama zangu wenye vilabu, sijawasahau wala siwachukii. Nawajua, wengi wenu ni wajane na ada za watoto zimetoka kwenye komoni na kangara, pombe zetu za kienyeji. Kwenu ninaomba mawili tu: mtoto akija na kidumu arudi nacho kitupu, na mama mwenye mtoto mgongoni asijaziwe kopo la pili. Mkikubaliana wote, hakuna atakayemnyang'anya mwenzake mteja. Kwa wenyeviti wa vijiji, nimeomba jambo hili liingie kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji, pamoja na saa ya kufunga vilabu, na nitakuja kulisemea mwenyewe.

Anayetaka kuongea kabla ya hapo, Jumamosi mchana niko nyumbani. Baba au mama, njoo. Kama una watoto, njoo nao, kuna uji, na sitakuuliza jana ulikuwa wapi.

Ni mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kilolo