Kata uzi, mwanangu

Mwanangu,

Kisanduku hiki usikifungue kwenye basi. Kifungue ukifika kambini, mahali pasipo na upepo. Ndani kuna nzi 60 wa kuvulia samaki, ndoana nilizozivika nywele, dazeni tano kamili, nimewahesabu mara mbili. Nimekuwa nikifunga usiku baada ya dada yako kulala, wiki tatu sasa, na macho yangu unajua yalivyo. Nimefunga wengi hivyo ili usiwe na sababu hata moja ya kuingia majini kumfuata nzi aliyenasa.

Jirani yetu aliyekuwa akiendesha lori hadi Ifakara alipita hapa Jumapili. Nikamuuliza kuhusu Mnyera na Ruhudji, mito ya huko Tanzania unakokwenda kuongoza wageni wavuvi. Akasema mito hiyo yote humwaga maji Kilombero, Kilombero nayo ikaenda kuwa Rufiji, na huko kote mamba wamejaa, viboko ndio usiseme. Alisema hayo huku akinywa chai, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Mimi yangu ilipoa kikombeni.

Wewe umezoea mito yetu, Thego na Gura. Maji ya mlimani, baridi, unaona kokoto mpaka chini, unaingia hadi magotini bila kufikiri. Hiyo ya bila kufikiri ndiyo inayoninyima usingizi. Najua ukiulizwa utasema mamba wapo. Lakini nzi akinasa kwenye gogo hatua tatu tu kutoka ukingoni, mguu utakuwa umeshatangulia. Kata uzi. Tafadhali, kata uzi, chukua nzi mwingine kisandukuni.

Sasa nikueleze nilichowafungia. Trauti wetu ni mgeni, mayai yake yaliletwa Gura kutoka Scotland mwaka 1905, na mdomo wake ni laini. Ndoana namba 14 au 16 inamtosha. Huyo wa Kilombero mnayemfuata, samaki anayeitwa tigerfish, mdomo ni mfupa mtupu, na meno yamekaa nje, ya juu yakipishana na ya chini kama msumeno. Nimetumia ndoana nene, 2/0 na 4/0. Mbele ya nzi weka waya, shubiri moja inatosha, usimfunge moja kwa moja kwenye uzi wa plastiki. Na usiinue fimbo akigusa! Trauti unamwinulia fimbo, huyu ukimwinulia anatema. Vuta uzi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, ndipo ncha iingie.

Wale weusi wenye nyekundu, dazeni mbili, ni Clouser, nzi aliyebuniwa na yule Mmarekani, Bob Clouser. Tazama macho yake ya madini ya risasi nilivyoyafunga, juu ya mgongo wa ndoana, uzi ukipita kwa kukatiza huku na huku. Uzito ukiwa hapo, nzi hujigeuza majini na ncha hutazama juu, kwa hiyo hashiki ovyo magogo ya chini. Nimechagua mtindo huo kwa makusudi, na unajua kwa nini. Wa kwanza kabisa sikuwapenda. Nilibana mmoja kwenye jiriwa nikavuta nywele kwa koleo, zikatoka zote kama nywele za mahindi. Nikafumua wote sita. Safari ya pili nikatandika uzi kwanza, tone la gundi, nywele chache, uzi, gundi tena, kisha nywele za juu. Wakati wa kubana uzi shikilia nywele kwa vidole, la sivyo zinazunguka ndoana na kwenda upande. Wewe hapo huwa una haraka. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu, hilo hata kule karakana nilikokuwa nikipeleka nzi walilisema walipoona nzi wako wa namba 16, lakini kichwa cha nzi unakiacha kinono na hupaki vanishi mara mbili. Nimekuambia tangu ukiwa darasa la saba.

Nywele usizidishe. Zikiwa nyingi nzi anakuwa fagio, anaelea badala ya kuzama.

Ya Thego sitayarudia, uliyaona mwenyewe. Nataka tu ujue jambo moja: siku zile karakana ilikuwa ikinirudishia dazeni nzima kwa sababu ya nzi mmoja mbovu, na hao waliorudishwa ndio ulikuwa ukienda nao mtoni. Nilikuwa nikiwahesabu ukirudi. Akipungua mmoja nilikutuma ukamtafute, hata jioni, hata mto umejaa. Nzi ambaye hakuwa amenipa hata shilingi tano. Baba yako aliwahi kuniuliza kama nina akili, nikamjibu vibaya.

Basi.

Jogoo mwekundu tulimchinja Alhamisi. Manyoya ya shingo nimeyakausha, yako kwenye bahasha chini ya kisanduku. Ni laini, yanakunywa maji, kwa nzi wa kuelea hayafai, ila kwa wa kuzama ni mazuri sana, na huko kuna perege ambao watapenda kitu kidogo cha kahawia. Ndoana namba 10 nimekuwekea ishirini, ufunge mwenyewe jioni badala ya kukaa ukingoni na simu. Ndama amepona mguu. Bomba la tangi linavuja tena pale ulipofunga mpira, nitamwita fundi, usijali. Dada yako anataka viatu vya shule na anasema ulimwahidi wewe; kama ulimwahidi, timiza, kama hukumwahidi niambie.

Ukipokea mshahara wa kwanza usinitumie pesa. Nunua viatu vya mpira na kofia, na miwani ya kukinga macho, maana nzi wa 4/0 mwenye risasi akirushwa na mgeni asiyejua hupiga kisogo au jicho. Simama nyuma ya mgeni, upande usio wa fimbo. Mgeni mwenyewe akikuambia uingie majini umchukulie nzi wake, mwambie hapana kwa heshima, mpe mmoja wa kwangu. Akikasirika, akasirike.

Waliotafunwa usiwatupe. Waweke kwenye mkebe, uniletee Desemba, nataka kuona meno yamekata wapi, kama ni shingoni au mkiani, ndipo nijue mwakani nitie gundi wapi na nipunguze nini. Waliobaki huko majini sitakuuliza ni wangapi.

Mama yako