Bei za bichi zibandikwe nje, sio mtu avuke pantoni ndo aambiwe

Mhariri salaam,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, na mwezi wa sita shule zilipofungwa bibi yao alikuja kutoka Singida. Huyu mama mkwe wangu kazaliwa kule na kazeekea kule, bahari anaisikia redioni tu, sasa baba watoto akasema safari hii lazima mama akaione kwa macho yake. Nikasema sawa twende, ila hela yenyewe ya mwezi wa sita si mnaijua, ada bado inadaiwa.

Jumamosi tukapanga bichi moja ya Kigamboni. Nimeamka saa kumi usiku nimepika pilau, nikajaza lile hotipoti kubwa la shughuli, kachumbari kwenye kopo, maji kidumu cha lita tano. Daladala mpaka Kivukoni, pantoni mia mbili mia mbili, tunajiona wajanja kweli, kule ng'ambo bajaji elfu nane. Kufika getini mlinzi kaliangalia hotipoti kabla hajatuangalia sisi. Chakula cha nje hakiruhusiwi, kiingilio elfu kumi mkubwa elfu tano mtoto, na hakuna kibao popote kinachosema hivyo, yote anayo mdomoni. Sasa hapo utafanyaje, bajaji ishaondoka, bibi kachoka, watoto washaiona bahari kupitia upenyo wa geti wanaruka ruka. Tukalipa 45,000, hotipoti likabaki kibandani kwa mlinzi.

Ndani huko chipsi kuku sahani 15,000, tukachukua nne tukagawana watu sita, soda ile ile ya elfu moja kwa Mangi pale mtaani wanauza elfu tatu, maji hivyo hivyo, tyubu mbili za watoto kuogelea elfu kumi. Ukijumlisha na nauli tulipita laki na nusu, siku moja! Jioni kuchukua hotipoti naliona jepesi, kumbe mlinzi na wenzie walishaonja, na hakuficha, akaniambia mama pilau lako limekolea binzari. Nilitaka kukasirika bibi akaanza kucheka, basi tukakaa chini ya mkungu nje ya geti tukamalizia lililobaki, mlinzi tukamwongezea.

Nimeandika haya kwa sababu mtu akisema anabana matumizi ya safari anahangaika na nauli na bei ya chumba, wakati mimi kilichonimaliza sio hivyo, ni kula na kunywa na vidude vya humo ndani ambavyo hukuambiwa mapema.

Wiki mbili baadaye tukajaribu tena, safari hii Bagamoyo, katikati ya wiki. Costa za Bagamoyo tulipandia Makumbusho. Gesti ya kawaida tu, sio ya kupiga picha, vyumba viwili 25,000 kila kimoja, na kabla ya kulipa niliuliza swali moja, mama, naweza kupika? Akasema jiko la mkaa lile pale, mkaa ununue. Hapo ndo tulipookolea hela. Mchele, mafuta, nazi na viungo nilitoka navyo nyumbani, tulichonunua ni samaki tu, na samaki pale soko la ufukweni unamkuta asubuhi boti zikiingia. Baba watoto alijifanya kwenda saa sita mchana akarudi na vibua vimelegea kama soksi. Kesho yake bibi akasema naenda mwenyewe. Mama wa watu hajawahi kununua samaki wa bahari maisha yake yote, ila kauza kuku wa kienyeji Singida miaka, kamfunua changu shavu, kambonyeza tumbo, akaanza kuondoka, dalali akamwita, akaondoka tena. Fungu la 15,000 tukalipata kwa tisa.

Tyubu nazo hatukukodi. Kwa fundi tairi Tabata nilinunua tyubu kuukuu la Fuso elfu tano, lina viraka viwili lakini halivuji, ile nozo ya chuma nikaifunga kitambaa isiwachubue watoto. Mpaka leo tunalo uvunguni.

Kitu kingine ambacho wa mjini tunapigwa nacho ni maji. Siku ya kwanza kule Bagamoyo tumefika ufukweni saa nne na nusu asubuhi bahari haipo, tope na majani mpaka huko mbali, mwanangu wa mwisho analia. Mvuvi mmoja akatuambia mwezi mpevu huu, bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka sana, saa hizi yamekupwa, njooni saa kumi jioni. Na kweli saa kumi maji yako miguuni. Alituelewesha kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huku kwetu maji yanakupwa sana saa nne tano na kujaa saa kumi, alafu kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Sasa fikiria umelipa kiingilio cha siku nzima asubuhi uje kuangalia tope! Angalia mwezi kwanza.

Siku tatu, watu sita, haikufika laki mbili, na Kaole kwenye magofu tulienda. Mkienda huko au visiwani Mbudya na Bongoyo bebeni kitambulisho cha Nida, Mtanzania analipa pungufu ya mgeni.

Najua kuna wa kusema si uende Koko Bichi bure ule muhogo wa pilipili. Naenda, sana tu, ila jumapili kule na mzee wa miaka sabini sehemu ya kukaa huipati. Na sina ugomvi na kiingilio, mwenye bichi anafagia, analipa walinzi, ana kodi. Ninachoomba kupitia gazeti lako, manispaa ziwalazimishe wabandike bei nje pale barabarani, kiingilio, soda, sahani, na kama chakula cha nje hakitakiwi kiandikwe kwa herufi kubwa, mtu aamue bajaji ikiwa bado haijageuza.

Bibi karudi Singida na maji ya bahari kwenye chupa ya lita moja. Kapiga simu juzi, anasema majirani wote washaonja, imebaki nusu, tumletee nyingine Disemba.

Mama wa Watatu,
Tabata, Dar es Salaam