Kwa mdogo wangu aliyeko Texas, kabla hujanunua ile rivolva

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, goti limepungua kuvimba, na fedha za bati zimefika. Ujumbe wako wa pili, ule wenye picha ya rivolva, bastola ya silinda unayotaka kuwindia, nimekaa nao siku tisa. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami huishia kunyamaza.

Nimesoma yote uliyoniandikia. Ruger Super Blackhawk, mtutu wa inchi saba na nusu, risasi za .44 Magnum. Silaha hiyo ipo sokoni tangu 1959 na wawindaji wa huko wameizoea. Chuma chenyewe sina neno nacho. Nimefurahi hata kuona umeachana na ile ya Smith & Wesson ya .500, ya risasi tano na uzito wa kilo mbili hivi. Teke la namna ile huufundisha mkono woga, na mkono wenye woga hushtuka kabla kifyatulio hakijavutwa, risasi ikaenda chini.

Hiyo ya .44 nayo inapiga teke. Ila inakubali pia risasi za .44 Special, ambazo ni laini zaidi. Anza na hizo kwenye shabaha, tena kwa miezi, si kwa Jumamosi moja. Ziba masikio kila mara. Vidole visikaribie ule mwanya kati ya silinda na mtutu, maana moto hutokea pale pembeni. Na wale watoto wako, ambao mimi ndiye shangazi yao: kabati la kufuli, risasi zikae mahali pengine. Hilo sikubembelezi.

Umeandika kwamba nguruwe pori na kulungu wa mkia mweupe utawapiga kwa mita 100. Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Rivolva haina kitako cha kukaza begani. Mita 100 kwenye karatasi, umeketi, mikono juu ya mfuko wa mchanga, sawa. Mnyama anatembea, wewe unahema, jua linazama. Sema hamsini, tena umeegemea kitu, tena amekupa ubavu ili risasi iingie nyuma ya bega. Vinginevyo mwache apite. Sheria ya huko inamtaka mwindaji aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 apate mafunzo, nawe umo. Kaa usikilize. Usiwaambie umekulia porini.

Kwa sababu tumekulia wote, na yule pongo mimi ndiye niliyemkuta.

Baba alikuwa na homa, ukachukua gobore bila ruhusa. Mimi nilikuwa nachuma uyoga upande wa pili wa mbuga, nikausikia mlio. Uliporudi usiku ulisema, "Nimekosa." Baba akakuamini, akageukia ukutani. Siku ya tatu nikaenda kisimani alfajiri. Pongo alikuwa amelala ukingoni, kichwa kikielekea maji, yu hai. Taya la chini halikuwepo. Alikuwa amekifikia kisima na hakuweza kunywa. Mabuu walikuwa wameshaingia. Katika nyama ya shingo nikaona kipande cha nondo, kile kile alichokata baba kwenye mabaki ya dirisha letu kiwe risasi ya gobore. Nilimmaliza kwa jembe, mdogo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikamfukia, nikateka maji, nikarudi nyumbani nikapika uji, na wewe ukanywa.

Sikumwambia baba. Unajua kwa nini? Angekupiga, nawe ulikuwa mdogo, nami nilikupenda kuliko ukweli. Nakupenda hivyo hata leo.

Ndiyo maana lile gobore nililipeleka polisi baada ya arobaini. Miaka yote hii unawaambia ndugu kwamba nilimtupa baba. Kibali kilikuwa na jina lake, si langu wala lako, na mwenye jina yuko kaburini. Ningelificha wapi? Chini ya kitanda cha mama? Ungekuwepo tungejadili, lakini ulikuwa Fort Worth na simu yako haikupokelewa kwa wiki mbili. Nililibeba mwenyewe, limefungwa kwenye kanga, nikatia sahihi mwenyewe. Nililia njia nzima. Hilo nani amekuambia? Hakuna, kwa sababu hukuuliza. Pembe yake ya baruti ninayo, iko kwenye sanduku langu, ni yako ukija.

Sikukatazi. Baba alikuwa mwindaji na babu pia, na najua huko peke yako, baada ya zamu za usiku, unatafuta kitu cha kushika kinachofanana na nyumbani. Ninakielewa kiu hicho. Mimi hunusa ile pembe wakati mwingine.

Lakini kabla hujatoa fedha nijibu jambo moja, hapa hapa au kwenye simu, na safari hii sitanyamaza. Jioni ile, moshi ulipoondoka, ulimwona yule pongo akiruka?