Hata fedha za wafadhili zikirudi, programu zetu za vijana zimepitwa na wakati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaofanya kazi za vijana, na madiwani pia kama watapata muda wa kusoma.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na hatimaye kulifunga shirika lake la misaada, USAID, Julai mwaka huohuo, vikao vyetu vina ajenda moja tu: fedha. Nani atalipa nauli za wawezeshaji, nani atalipia ukumbi, mfadhili gani wa Ulaya anapokea maandiko ya miradi. Kilio hicho nakielewa. Hapa Kahama vikundi vya wasichana vya DREAMS, mpango wa fedha za Marekani wa kuwakinga mabinti na VVU, viliwapa mabinti wengi mahali pa kuuliza jambo la mwili wao bila kuchekwa. Agizo lilipotoka Washington, dawa za watu waliokwisha kuanza matibabu ya VVU zilipata ruhusa ya kuendelea. Vikundi vya stadi za maisha havikunusurika.

Hata hivyo nasema, na najua nitaudhi baadhi: fedha zile zikirudi kesho asubuhi zitatukuta tunamsubiri kijana ambaye hayupo tena pale tulipozoea kumkuta.

Programu nyingi za kumjenga kijana, za kujitambua, kujiamini, kuweka malengo na kuweka akiba, ziliandikwa kwa ajili ya mtoto aliyemaliza darasa la saba akaishia hapo. Ana miaka 14 au 15, yuko mtaani, na Jumanne saa nne asubuhi anaweza kuja klabuni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi mapema 2025, inataka mtoto huyo awe darasani. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi, hadi kidato cha nne. Jumanne saa nne hatakuja.

Na kuna hesabu ambayo sioni wenzangu wakiipiga. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja, wa mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Serikali inazungumzia madarasa, madawati na walimu, na ndivyo inavyopaswa. Mimi nawaza mtoto wa miaka 12 akiwa kidato kimoja na wa miaka 14 katika shule iliyofurika, yenye mwalimu mmoja wa ushauri nasaha ambaye naye ana mzigo wake wa vipindi. Huko ndiko tutakakohitajika, nasi hatujajiandaa kwa mtoto wa miaka 12. Miongozo mingi tuliyonayo inaanzia miaka 15, umri ambao Umoja wa Mataifa unaanza kumhesabu kijana. Sera yetu ya vijana nayo inaanzia hapohapo, ikaenda hadi 35.

Yaliyomo kwenye miongozo hiyo nayo yanahitaji kupunguzwa. Mtaala mpya umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima sekondari, na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, unaendelea kuingia shule kwa shule. Kwa hiyo ile siku yetu nzima ya "namna ya kuanzisha biashara ndogo", yenye bangokitita na michoro ya mtaji na faida, tuiache. Mwalimu anaifundisha na Baraza la Mitihani litaitahini. Tubaki na yale yasiyo na mtihani: kukataa bila kugombana, kusimama mbele ya watu na kumaliza ulichotaka kusema, kuijua hasira yako kabla haijakufikisha pabaya, kutimiza ulichoahidi. Ni kazi ya polepole na haina picha ya kupendeza kwenye ripoti. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tuliikwepa tukakimbilia ujasiriamali.

Kuingia shuleni kuna taratibu zake. Zamani mkuu wa shule akikufahamu ilitosha. Siku hizi unadaiwa kibali cha maandishi, na vitabu vya ziada lazima viwe na ithibati, yaani idhini ya serikali ya kutumika shuleni. Baada ya vitabu 16 kupigwa marufuku Februari 2023, wakuu wa shule wamekuwa waangalifu hata na kijikaratasi cha kurasa mbili. Wapo wanaoona huu ni uonevu. Mimi sioni hivyo. Mzazi ana haki ya kujua ni nani anazungumza na mwanawe habari za mwili na mapenzi, na anatumia maandishi gani. Kinachonikera ni muda. Kibali kinaweza kula muhula mzima, na mradi wenyewe ni wa miezi 12.

Fundo lenyewe liko kwenye kalenda. Shule inaanza mwaka wake Januari, halmashauri Julai mosi, na serikali ya Marekani Oktoba mosi. Sisi tulikuwa tukienda na hiyo ya mwisho. Mkataba unasainiwa Oktoba, wawezeshaji wananolewa Novemba, shule zinafungwa Desemba, kibali kinatoka Machi, na kufika Septemba tunaandika ripoti ya kufunga mradi wakati watoto ndiyo kwanza wameanza kutuzoea. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja, na hakuna aliyeyaona kuwa ajabu.

Halmashauri hazina fedha nyingi, najua. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni ya mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuibua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi 2024 kwa taratibu mpya. Taratibu ni nzuri. Lakini hakuna fomu itakayowazuia vijana watano wasigombane wiki ya tatu baada ya kushika fedha nyingi kwa mara ya kwanza maishani. Hilo linataka mtu wa kukaa nao, na afisa maendeleo ya jamii wa kata angelifanya kama angekuwa na mafuta ya pikipiki na wasaidizi wawili waliofunzwa. Waliofunzwa wapo. Ni sisi tulioachwa mtaani miradi ilipofungwa.

Novemba 2025 Rais aliweka maendeleo ya vijana chini ya ofisi yake na kumkabidhi Joel Nanauka, ambaye wengi tulimfahamu kwanza kwa vitabu na mihadhara ya kujiendeleza. Ni jambo jema kuwa na waziri anayeijua lugha yetu. Ila mhadhara ni wa siku moja. Klabu ya kata inataka mtu yuleyule kila wiki, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne.

Ombi langu kwa madiwani ni kasma, yaani fungu la bajeti, ya stadi za maisha, hata iwe ndogo, ya kulipa posho za wawezeshaji wa kata kwa kufuata mihula ya shule. Bajeti ya 2027/28 ndiyo itakayokuwa ikitumika makundi yale mawili yakiingia sekondari, na maandalizi yake yanatakiwa kuanzia vijijini na mitaani. Mashirika yenye fedha za nje yabebe yale yasiyo rahisi kwa halmashauri: kuiandika upya miongozo kwa umri wa miaka 12, kuifuatilia mapema ipate ithibati, na kuwanoa walimu wa ushauri nasaha.

Mimi nimekwisha kumwandikia mtendaji wa kata yangu nikiomba jambo hili liingizwe kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata. Wenzangu wenye klabu katika kata nyingine waandike pia kabla kamati zao hazijakaa, kwa sababu jambo ambalo halikuanzia kwenye kata ni vigumu kulichomeka makabrasha yakishafika kwa mkurugenzi.

Mwezeshaji wa vijana,
Kahama, Shinyanga