Mafundi tuwatengenezee roboti watoto wenye usonji

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko Tandika, jirani na soko. Mjukuu wangu ana miaka sita na ana usonji, hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na watu. Ukimsalimia hakutazami, macho yako kwenye pangaboi. Majirani wengine husema hana adabu, wengine amerogwa, na mama yake amelia sana kwa maneno hayo.

Kijana mmoja wa chuo alinionyesha kwenye simu roboti Kaspar, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza. Ina umbo la mtoto, na uso wake umerahisishwa kwa makusudi. Uso wa mtu hubadilika kila mara, na watoto wengi wenye usonji hutaabika kuusoma. Roboti hurudia salamu ileile kwa sauti ileile hata mara hamsini, wala haikasiriki.

Nikajaribu yangu. Boksi la spika bovu, mota ya printa iliyokufa, vitaa viwili vya macho, sauti yangu kwenye memori kadi. Kichwa kinageuka, kinasema: "Shikamoo bibi." Wiki tatu mjukuu aligusa vitaa tu. Siku moja kichwa kilipogeuka naye akageuka, akamtazama bibi yake usoni, akanyoosha kidole kumwonyesha lile boksi. Hakusema kitu. Bibi aliacha mchele kwenye ungo, akabaki akimwangalia. Hakuwahi kutuonyesha kitu tangu azaliwe.

Sisemi nimemponya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2018 walieleza habari za watoto 12 waliokaa na roboti nyumbani nusu saa kila siku kwa mwezi mmoja. Walipiga hatua, lakini roboti ilipoondolewa hatua hizo hazikubaki kwenye kiwango kilekile. Kwa hiyo sitaki tuletewe roboti ya kupigia picha Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, kisha irudi kwenye boksi lake.

Naiomba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na vyuo vya ufundi stadi vya VETA wawape wanafunzi kazi hii. Wakae na walimu wa vitengo vya elimu maalumu, watengeneze kitu kinachosema Kiswahili, na ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua na kukirekebisha. Mwalimu au mzazi awe pembeni muda wote, maana salamu ya boksi ni ya kumpeleka mtoto kwa mtu. Mchoro wangu upo, atakayeuhitaji nitampa bure.

Babu Salimu,
Fundi redio, Tandika,
Dar es Salaam