Makorongo ya Kondoa yanahitaji madaraja ya waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ninalotembea nalo moyoni tangu Novemba 2018.

Mimi ni mkulima wa alizeti na uwele hapa Kondoa, upande wa milima ya Irangi. Kabla ya kurudi shamba nilikuwa mpagazi Kilimanjaro kwa miaka kumi na minne, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu. Mgeni mmoja niliyembebea mizigo safari tatu alinilipia nauli nikaione milima ya kwao wenzetu wapagazi wa Nepal. Tulitua Lukla kwa ndege ndogo, tukalala njiani, kesho yake tukaanza kupandisha kwenda Namche. Katikati ya njia hiyo kuna daraja.

Linaitwa daraja la Hillary, kwa heshima ya Edmund Hillary aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay. Lipo pale mito miwili inapokutana, Bhote Koshi na Dudh Koshi. Dudh Koshi maana yake mto wa maziwa, na kweli maji yake ni meupe kwa unga wa mawe yanayosagwa na barafu huko juu. Daraja la zamani lipo chini, na hili jipya limepita juu yake, zaidi ya mita 100 kutoka majini. Unakanyaga vyuma vyenye matundu, kwa hiyo ukiinamisha macho unauona mto chini ya viatu vyako. Pembeni kuna wavu wa waya, na kwenye wavu watu wamefunga bendera za sala na vitambaa vyeupe. Upepo ukipiga, vitambaa vyote vinalia kwa pamoja.

Kilele cha Uhuru kule Kilimanjaro, mita 5,895, nimefika mara nyingi sana. Lakini pale hatua zangu za kwanza nilishika waya kwa mikono miwili.

Nikiwa hapo nikapitwa na mpagazi mwenzangu aliyebeba mabati. Sisi tunabeba kichwani au mgongoni. Wao mzigo wanauning'iniza kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Mkononi alikuwa na kigongo kifupi kama herufi T. Alipofika ng'ambo alikisimamisha nyuma yake, akaegesha mzigo juu yake bila kuutua, akapumua, akaendelea. Hakushika waya hata mara moja. Baada yake tukasikia kengele, tukaambiwa turudi nyuma tusubiri: msafara wa nyumbu wa mizigo, wale chotara wa punda na farasi, wenye mitungi ya gesi ndio ulikuwa na haki ya kupita kwanza. Nyumbu kumi na moja walipita, daraja likacheza kidogo, likatulia.

Hapo ndipo woga uliponitoka, nikaanza kuangalia kazi yenyewe. Nilienda nyuma ya daraja nikachuchumaa pale nyaya zinapoingia kwenye zege. Kila waya ni mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto, umekunjwa na kubanwa kwa vibanio vya nati, kimoja baada ya kingine. Nilivishika kimoja kimoja. Hakuna nguzo hata moja inayosimama majini. Hilo ndilo jambo ninalotaka wasomaji walielewe, kwa sababu kwetu shida iko hapo hapo.

Wanaoijua Kondoa wanajua habari ya makorongo. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe wakaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Nilikuwa mdogo, namkumbuka baba akiwaswaga wetu alfajiri kuwapeleka kwa ndugu zake mbali. Miti imerudi, namshukuru Mungu, lakini makorongo hayakufukika. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Mvua ikinyesha juu milimani, hapa kwetu jua linawaka, unasikia mvumo, na kabla hujamaliza kumwita mwenzako maji yameshafika. Ukiweka kalavati, mchanga unalifukia au maji yanalizunguka na kula ukingo.

Miaka mitatu iliyopita shemeji yangu alishikwa na uchungu saa tisa alasiri. Zahanati iko ng'ambo, unaliona bati lake. Tulikaa naye chini ya mgunga tukisubiri maji yapungue, nesi naye amesimama upande wa pili na kanga mkononi, tunaonana. Maji yalipungua saa sita usiku. Mtoto alikuwa ameshazaliwa saa nne, na hakulia.

Nepal si nchi tajiri. Lakini wana madaraja ya waya ya waenda kwa miguu zaidi ya 10,000, mengi yakiwa ya wanakijiji wa kawaida kwenda shule, sokoni na hospitali. Waswisi waliwasaidia kuanzia miaka ya 1970, kisha mafundi wao wenyewe wakaishika kazi. Kwa madaraja mafupi, yasiyozidi mita 120, kijiji kinachangia mawe, mchanga na nguvu za watu. Nyaya na wahandisi vinatoka nje ya kijiji. Nyaya hubebwa mabegani na watu wengi waliojipanga mstari mmoja, kama siafu. Ethiopia wameshaichukua elimu hiyo. Rwanda nao wanayo madaraja ya namna hii.

Madaraja ya mawe yanayojengwa na TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, nayapenda, na pale korongo ni jembamba ndiyo yanayofaa. Penye upana mkubwa na mchanga unaohama, waya unavuka juu bila kuyagusa maji. Najua udongo wetu ni mlaini na kingo zinabomoka, kwa hiyo nyaya zisifungwe ukingoni. Zirudi nyuma mpaka kwenye mwamba. Na pikipiki zisipite. Liwe la miguu, na kijiji kiteue mtu wa kukaza nati na kupaka grisi kila mwaka.

Tuliandika barua, tukaahidiwa kwamba watu watakuja kupima. Hawajaja. Mwezi uliopita mimi na vijana wawili tulipima wenyewe kwa kamba ya katani, kutoka jabali hadi jabali. Ni mita 62. Tumechora msalaba wa chokaa kwenye majabali yote mawili, na mawe ya kuanzia tumeshayakusanya, lori mbili hivi. Mhandisi yeyote anayesoma barua hii, wa serikali au wa binafsi, akishuka Kondoa mjini aulize njia ya milimani. Nitampokea stendi, nitambebea vifaa vyake, na atalala kwangu. Ila aje kabla ya mvua za Desemba.

Mpagazi mstaafu,
Kondoa, Dodoma