Picha za kubonyeza ziwe na maneno ya wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na walimu wenzetu wa Unguja na Pemba, pamoja na wanaosimamia vituo vya walimu.

Siku hizi skuli nyingi zina makundi ya WhatsApp ya wazee, na somo likimalizika hupigwa picha ya ubao ikarushwa humo. Mzee anaona ubao umejaa maandishi. Mtoto wake amefahamu nini, hajui. Picha ya kubonyeza inaweza kuliziba pengo hilo. Ni picha ya kawaida iliyotiwa vitone, na kila kitone kikiguswa hufungua maelezo, sauti au picha nyengine. Sharti letu ni moja: maelezo hayo yatungwe na wanafunzi wenyewe. Mwalimu akiyaandika yeye, hiyo ni chati ile ile iliyohamia kwenye simu.

Tuchukue somo la sehemu za ua, na ua lenyewe liwe karafuu mbichi ambayo haijafunguka. Iwekeni juu ya karatasi nyeupe, rula pembeni, kivulini karibu na dirisha. Jua la saa sita huchoma upande mmoja wa picha na kuutia kiza upande wa pili. Karafuu ya pili mwalimu aipasue kwa wembe, kwa urefu, ilazwe hapo hapo. Kile kibonge cha juu ni petali nne zilizofumba. Meno manne yanayokizunguka ni sepali. Kwenye ile iliyopasuliwa zinaonekana stameni (sehemu za kiume) nyingi zilizojikunja ndani ya kibonge, na ovari (mfuko wa mbegu changa) iko sehemu ya juu ya kishina, wakati wanafunzi wengi huitafuta chini kabisa. Hapo vipo vitone vinne. Cha tano kieleze kwa nini karafuu huchumwa kabla ya kufunguka. Mtoto wa Pemba ana la kusema hapo kuliko kitabu chochote.

Vitone vitano hadi saba vinatosha kwa kioo cha simu. Vikizidi, kidole hugusa viwili kwa pamoja. Sentensi mbili au tatu kwa kila kitone, au sauti ya mwanafunzi isiyopita sekunde 30. Kitone kisikae juu ya kitu chenyewe, maana sepali ni ndogo na itafunikwa. Choreni mstari mwembamba kwenye picha kwanza, kitone kikae mwishoni mwa mstari. Kukata picha na kupunguza ukubwa kufanyike mapema pia, kwa sababu ukiikata picha baadaye vitone vitaangukia pengine. Picha ya wima au ya mraba husomeka vizuri zaidi, kwani wazee wengi hushika simu wima.

Kuhusu chombo cha kutengenezea, sisi tunapendekeza H5P, mfumo wa bure ulioanzia Norway, kupitia programu ya Lumi. Lumi ikishapakuliwa kwenye kompyuta, pamoja na aina ya kazi unayoitaka, kazi yote hufanyika bila intaneti. Tovuti za biashara zinavutia, lakini mzee atahitaji bando kila anapofungua, na akaunti ya skuli ikifungwa kazi za watoto hupotea nayo.

Katika Lumi chagua aina inayoitwa Image Hotspots, tia picha, gusa mahali pa kitone, andika kichwa na maelezo. Ukimaliza hifadhi mafaili mawili. La kwanza ni la .h5p, ndilo la kufanyia marekebisho. La pili ni la HTML, yaani ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, ndilo la kutuma. Wanaohifadhi la HTML peke yake hukwama wakigundua kosa la tahajia, kwa kuwa Lumi hailifungui tena kulihariri. Na wakati wa kutoa HTML, chagueni faili moja lenye kila kitu ndani. Kuna chaguo jengine linaloacha picha na sauti nje; ukituma HTML bila hizo, mzee atapata ukurasa usio na picha wala sauti.

Ukubwa ndio unaoshinda wengi. Picha ya simu huweza kufika megabaiti 4, na ikitiwa ndani ya HTML huongezeka kwa thuluthi. Ipunguzeni upana hadi pikseli 1,600. Kwa kawaida hushuka chini ya kilobaiti 500. Sauti ya mp3 ya mono (mkondo mmoja) kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama kilobaiti 120 kwa nusu dakika, na maneno yanasikika vyema.

Mwambieni mzee alifungue faili kwa Chrome au kivinjari chengine. Baadhi ya simu za Android zina kisomaji chao cha HTML kinachozuia vitone kufanya kazi, naye atadhani faili ni bovu. Nyuso za watoto zisiwemo bila ya ridhaa ya wazee wao. Mikono na vitu vinatosha.

Kwa vituo vya walimu ombi letu ni dogo: kila kituo kiwe na Lumi kwenye kompyuta moja, na mafaili ya .h5p ya skuli za jirani yahifadhiwe kwa darasa na somo, ili mwalimu wa Makunduchi afungue karafuu ya Wete, ayaondoe maelezo ya huko, na wanafunzi wake watie ya kwao.

Walimu wa sayansi,
Wete, Pemba